Shangazi alivyokwenda kukagua second choice yangu: Uyole hadi Iringa, miaka ya hamsini

Wakuu, marahaba mapema kwa wote mtakaonisalimia. Kwa umri wangu nadhani humu ndani nimewazidi wengi, ingawa sina uhakika, maana humu mtu anaweka picha ya paka kumbe ni mzee kuliko mimi.

Juzi nilisoma uzi wa kijana mmoja anayetaka kuingia kile chuo kikuu kikubwa cha Serikali. Anaomba watu wamtajie vyuo vingine vya kuweka kama backup, vinavyofanana na hicho, ili akikosa asilie sana. Majibu yalikuwa mengi. Wengine walimletea ranking, wengine walimtukana. Mmoja akamwambia mwanaume haweki backup.

Hapo kwenye "mwanaume haweki backup" nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza nimeona nini kwenye simu.

Maneno hayo, karibu yote, niliwahi kuambiwa na baba yangu mzazi. Ilikuwa Uyole, nje kidogo ya Mbeya mjini, miaka ya hamsini, wakati Malkia bado yuko kwenye stempu zetu.

Nikaona nisimjibu kijana kule kwake, jibu langu ni refu, ningemharibia uzi. Nalileta hapa lijitegemee.

Mimi si msomi. Nimeishia darasa la nane na chuo cha ufundi, na hapa nacharaza kwa kidole kimoja, kwa hiyo herufi ikikaa vibaya mnivumilie. Nitakayoyasema yalinitokea mwenyewe. Nilikuwa na tabia ya kuandika kwenye daftari kila siku, na daftari la mwaka ule liko hapa mezani, mchwa wamekula pembeni. Ila hata hilo daftari siliamini lote. Aliyeliandika alikuwa kijana, na mengine aliyaandika kwa hasira. Nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika.

Sasa twende.

Enzi zetu ukifika darasa la nane, middle school, ndipo mchujo mkali ulipokuwa. Wachache wanaendelea, wengi wanarudi nyumbani kushika jembe, na hakuna aliyeona ajabu.

Kabla ya mtihani Mwalimu Lwitiko, aliyekuwa anatufundisha hesabu na kila kitu kingine, alituletea form. Ilikuwa na mistari mitatu. Chaguo la kwanza, chaguo la pili, chaguo la tatu. Chini kabisa kulikuwa na nafasi ya mzazi kuweka sahihi, au dole gumba kama hajui kuandika. Bila dole la mzazi, form haipokelewi.

Mstari wa kwanza haukunisumbua. Nilitaka ile shule kubwa ya sekondari ya Serikali, upande wa Iringa. Sitaitaja jina, mtaona kwa nini.

Kwa nini niliitaka? Wakuu, nitasema ukweli hata kama unaniaibisha. Mwaka mmoja nyuma yake wanafunzi wa shule ile walipita Uyole juu ya lori wakiwa na mashati meupe, wanaimba. Mmoja akanipungia mkono. Basi.

Na nikifikiri vizuri sasa hivi, nadhani alikuwa anampungia mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Mstari wa pili na wa tatu ndio ulikuwa mgogoro. Mwalimu alituambia tusiandike ovyo, tutafute shule au vyuo vinavyofanana na kile tunachokipenda, ili ukikosa cha kwanza usijikute mahali usipopaelewa. Yaani ushauri ule ule mnaopeana humu leo, hakuna kipya.

Nikaenda nyumbani, nikafungua daftari, nikaandika orodha ya mambo ya kufananisha. Nainukuu kama ilivyo:

"Mabati mekundu. Kengele ya chuma, si reli iliyoning'inizwa. Vitanda. Goli lenye nyavu. Iwe mbali na nyumbani lakini si mbali sana."

Nilimwonyesha Mwalimu kwa fahari. Akaisoma mara mbili. Akaniuliza, na masomo je?

Sikuwa nimeandika masomo.

Kwa haki yake lazima niseme hakunicheka. Alisema tu kwamba yeye mwenyewe zile shule hajaziona, anazisikia, kwa hiyo hawezi kuapa ipi inafanana na ipi. Alinitajia chuo kimoja cha ufundi, nacho njia ya Iringa, akasema anavyosikia kina walimu wazuri na mikono yangu si mibaya. Cha tatu akanitajia chuo cha ualimu cha karibu na Mbeya mjini.

Mambo yakawa sawa mpaka nilipofika nyumbani kumweleza baba.

Baba alikuwa mkulima wa viazi, na kwenye msimu alikuwa anapakia magunia kwenye malori pale Uyole. Hakusoma hata siku moja. Kiswahili alikisema cha kwetu sisi Wasafwa, kilichonyooka kama njia ya mbuzi. Nikamweleza form, nikamweleza mistari mitatu.

Akaacha kula. Akaniuliza, hao watu wa shule kubwa wataiona hiyo karatasi?

Nikasema ndiyo, nadhani wataiona.

"Kwa hiyo unapeleka jembe nyumba tatu kwa siku moja."

Kwa vijana mliozaliwa juzi: kwetu kuposa kulikuwa kwa jembe. Mshenga anabeba jembe, analipeleka kwa kina binti, wakilipokea mambo yameanza. Sasa mtu akipeleka jembe nyumba tatu kwa wakati mmoja, hizo nyumba zikija kuambiana sokoni, anakosa zote na mdogo wake anakosa pia. Jina la ukoo linachafuka.

Baba akasema wale wa shule kubwa wakiona nimewataja na wenzao chini, watasema huyu hana msimamo. Andika moja, au rudisha karatasi.

Na mimi nilimwamini. Hapa ndipo sitaki mtu amcheke baba yangu, maana nami na darasa langu la nane nilimwamini kabisa. Hata shuleni uvumi huo ulikuwepo, kwamba ukijaza ya pili ile ya kwanza inakutupa. Hakuna aliyejua umetoka wapi.

Rafiki yangu Saidi ndiye aliyecheka. Saidi tulikaa naye dawati moja. Baba yake alikuwa fundi cherehani Mbeya mjini, watu wa asili ya pwani waliokuja na biashara tangu babu zao, Kiswahili chao kinateleza. Saidi akaniambia, "We Msafwa, unaoa au unasoma?"

Akanipeleka kwa baba yake dukani. Yule mzee akasikiliza yote huku anakanyaga cherehani, mwisho akatuonyesha suruali aliyokuwa anashona. Akakunjua mguu wa suruali ndani, kitambaa kilichoachwa pale chini. Akasema hakuna fundi anayekata suruali bila kuacha upindo. Ikiwa fupi unashusha. Mtu akikuona na upindo hasemi huna msimamo, anasema una fundi.

Maneno mazuri sana. Nikayapeleka nyumbani.

Baba akasema yeye havai suruali ndefu.

(Nimerudi kuongeza hapa: kuna mdau huko chini ameshauliza kwa nini Mwalimu asingejaza mwenyewe akamaliza. Mkuu, hilo dole. Form ilitaka dole la mzazi, na Mwalimu Lwitiko hakuwa mtu wa kughushi dole la mtu. Kama kuna walimu waliofanya hivyo kwingine, mimi sijui.)

Siku zikawa zinakwenda na form inatakiwa. Mwalimu akaamua kuja nyumbani. Alikuja mchana wa Jumamosi, akakaribishwa viazi, akala vyote bila kugusia form. Alikuwa Mnyakyusa, na Wanyakyusa na ng'ombe zao mambo ya posa wanayajua. Alipomaliza kula ndipo akasema kwa upole kwamba mzee hajakosea, ila jembe bado. Hiyo karatasi ni kabla ya jembe. Ni kuuliza tu kama kwenye nyumba hiyo kuna binti.

Baba akasogeza bakuli tupu pembeni. Kisha akasema kama ni hivyo, sawa, kuuliza nyumba tatu si kosa. Lakini kuuliza hakwendi peke yake. Nyumba inaangaliwa kwanza.

Na kwetu anayekwenda kuangalia nyumba ya binti ni nani?

Shangazi.

Wakuu, mniache nicheke kidogo.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa anauza viazi na maboga pale Uyole. Mwili mkubwa, sauti kubwa, jicho haliachi kitu. Wasichana wa kwetu walikuwa wakimwona anakuja njiani wanafagia hata mahali palipofagiliwa. Alikuwa ameangalia nyumba za wake wa binamu zangu wote, na kwa rekodi ni ndoa moja tu iliyovunjika, na shangazi anasema ile aliikataa, hawakumsikiliza.

Akapewa kazi ya kuangalia ile shule kubwa na kile chuo cha ufundi. Cha ualimu akasema haendi, mkwewe anapika pale, anajua hata chumvi yao.

Tuliondoka kwenye likizo fupi. Lori la kwanza lilitufikisha Chimala. Pale shangazi alikuwa na rafiki yake mfanyabiashara wa mchele, tukalala kwake, na asubuhi tukapanda lori la mchele la kwenda Iringa, juu ya magunia.

Dereva alipoona shangazi amejifunga kitenge kipya na mimi nimepakwa mafuta mpaka nang'aa, akauliza, "Mama, unampeleka kijana kuoa?"

"Anaoa shule," shangazi akasema. "Mahari ni wewe kuendesha polepole."

Nilitamani kujificha ndani ya gunia. Daftari langu la siku hiyo lina mstari mmoja tu: "Shangazi ananiaibisha mpaka Iringa." Kwa haki yake, lile lori lilikwenda polepole kweli, na matope yalikuwa mengi.

Shule kubwa ndiyo tuliifikia kwanza. Lori lilituacha kwenye njia panda, tukatembea. Nilipoona yale mabati mekundu kwa mbali nikaongeza mwendo. Goli lilikuwepo. Kama lilikuwa na nyavu sikuona vizuri.

Getini kulikuwa na mtu, nadhani karani. Shangazi akamsalimia, akasema tumetoka Mbeya tumekuja kuangalia. Yule bwana akasema leo hakuna kuingia wageni, tuje na barua ya mwalimu wetu mkuu.

Shangazi akaomba maji ya kunywa.

Hapa lazima muelewe. Yale maji hakuwa na kiu nayo. Ndiyo kazi yenyewe. Shangazi akienda kuangalia nyumba, jambo la kwanza anaomba maji, halafu anatazama. Yanaletwa upesi au yanachelewa? Chombo kimeoshwa? Anayeyaleta anayashika kwa mikono miwili au anamsukumia mtu? Kwa maji tu anajua nusu ya nyumba.

Yule bwana akasema bomba liko ndani.

Shangazi akamshukuru, tukageuka.

Daftari linasema, "alitufukuza." Nimelisoma tena wiki hii na nataka nilisahihishe mbele yenu, maana huyo bwana hawezi kuja humu kujitetea. Hakutufukuza. Alisema samahani mama, nakumbuka mara mbili. Alikuwa na amri yake na alikuwa peke yake getini. Na sisi hatukuwa na barua. Mimi ningekuwa yeye labda ningefanya hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo sitaji jina la shule. Shule nzima haihukumiwi kwa kikombe cha maji.

Lakini shangazi alikuwa ameshahukumu. Njia nzima alikuwa kimya, na shangazi akiwa kimya ni hukumu.

Chuo cha ufundi tulikifikia kesho yake. Hakikuwa na geti. Mabati yake hayakuwa na rangi. Kengele ilikuwa kipande cha reli kinaning'inia kwenye mti. Nikaanza kuhesabu orodha yangu moyoni na kuona inakufa.

Akatoka fundi mwalimu wa useremala, Mhehe mmoja mwembamba, ana vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Akasema, "Kamwene." Shangazi akaitikia kwa namna ya kwao, sijui alijifunzia wapi.

"Mama, umeleta mwanafunzi?"

"Sijaleta. Nimekuja kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Kama mnaoga."

Wanafunzi waliokuwa karakana wakaacha randa zao wakacheka. Fundi mwalimu hakucheka. Akasema wanaoga mtoni kila siku, na baridi ya huku anaijua mwenyewe, na asiyeoga haingii karakana kwa sababu jasho linaharibu chombo. Sijui kama ni kweli jasho linaharibu chombo. Baadaye nilifanya kazi ya useremala miaka mingi na bado sijui.

Shangazi akaomba maji.

Yakaletwa na mwanafunzi mmoja kwenye kikombe cha bati, kwa mikono miwili, na bila kuambiwa akaleta na kigoda ili mama akae.

Shangazi akanywa maji yote. Kisha badala ya kukaa akakigeuza kigoda juu chini. Akauliza nani ametengeneza. Fundi mwalimu akamwonyesha huyo huyo aliyeleta maji, mwaka wa kwanza.

"Umetia misumari mingapi?" shangazi akamwuliza.

"Hakina msumari, mama. Mti umeingia kwenye mti."

Akakikagua miguu yote, akakiweka chini, akakikalia na uzito wake wote, na uzito haukuwa mdogo. Akajitikisa kushoto na kulia. Karakana nzima inaangalia.

Kigoda hakikulia hata kidogo.

Akakaa hapo kama nusu saa. Aliuliza wanakula nini, nani anapika, mtu akiumwa anapelekwa wapi, wanaomaliza wanarudi kwao au wanapotelea mijini. Mambo ambayo mimi na orodha yangu ya mabati sikuwaza hata moja. Fundi mwalimu alijibu mengi, na mengine alisema hajui, atauliza. Nilimpenda kwa hapo aliposema hajui.

Lakini bado nilitaka ile kubwa. Niseme wazi. Nilikiona chuo, nikakiheshimu, na bado roho yangu ilikuwa kule kwenye mashati meupe.

Tuliporudi, shangazi akatoa ripoti mbele ya baba. Ilikuwa fupi. Ile kubwa ina nyumba nzuri lakini maji yake yako ndani. Hii nyingine wanafagia, wanaoga, na mti unaingia kwenye mti.

Baba akasema basi imekwisha, andika hiyo mwanzo. Ile kubwa iweke chini yake.

Sasa wakuu, mnaona nilipofikia. Mtu aliyenikataza second choice kabisa, leo anataka second choice iwe first. Na mimi nilishakubali mambo ya kuangalia nyumba, sikuwa na pa kulalamikia.

Kilichofuata sijawahi kukiandika popote zaidi ya kwenye daftari.

Nilijaza form nilivyotaka mimi. Mstari wa kwanza ile kubwa. Wa pili ufundi. Wa tatu ualimu. Mwalimu alituagiza tuandike jina la mahali tu, kwa hiyo kila mstari ulikuwa neno moja. Nikaileta kwa baba pamoja na kidau cha wino wa Mwalimu. Baba akaniambia soma.

Nikasoma. Nikaanza na ufundi, halafu nikasoma ile kubwa kama ya pili.

Baba akaichukua, akaitazama, nikamwonyesha mahali, akapaka wino, akaweka dole. Akanirudishia.

Nikaipeleka shuleni mbio mbio kabla roho haijanigeuka.

Ikanigeuka njiani kurudi. Kumdanganya mtu asiyejua kusoma, na mtu huyo ni baba yako, na kwa kile kile kisomo anachokulipia. Siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu nikamfuata shambani, alikuwa anachimba viazi. Nikasimama pembeni ya tuta, nikamwambia. Nilisoma vibaya makusudi, ile kubwa ndiyo iko juu.

Hakuinua kichwa.

"Najua."

Nikamwuliza anajua vipi.

"Mimi napakia magunia. Gunia la Mbeya, gunia la Tukuyu, la Iringa, nayajua kwa urefu wa maandishi. Jina la ile shule yako ni refu. La ufundi ni fupi. Refu lilikuwa juu."

Nikamwuliza, sasa kwa nini uliweka dole?

Akachimba viazi viwili vitatu kwanza.

"Wewe hujawahi kunidanganya. Nikasema, kama kwa hili amedanganya, basi analitaka kweli. Mtu hazuiwi kitu anachokitaka hivyo. Ila usirudie."

Sijarudia. Nikatafuta jembe jingine nikachimba naye mpaka tukamaliza lile tuta.

Mtihani ukafanyika. Miezi ikapita. Siku ya majibu Mwalimu Lwitiko alitusomea darasani, jina moja moja. Wengi majina yao hayakufuatiwa na shule yoyote, na wengine kati yao walikuwa wameacha mistari miwili tupu. Sitaki kusema ndiyo sababu, huenda na maksi zao zilikuwa chini. Mimi sikuziona.

Mimi nilipata chuo cha ufundi.

Shule kubwa niliikosa kwa hesabu. Hakuna upendeleo wala fitina, nilifeli hesabu za sehemu na Mwalimu alinionyesha. Nilirudi nyumbani nikalia nyuma ya ghala la viazi, kijana mzima nina sauti nzito. Shangazi akanikuta.

"Umeuliza nyumba tatu," akasema. "Moja imekubali. Sasa unalilia ipi?"

Nikanawa uso.

Na Saidi je? Najua mnasubiri. Saidi, mtoto wa fundi wa upindo, aliyenicheka mimi na jembe letu, aliandika ile shule kubwa kwenye mistari yote mitatu. Mara tatu, neno hilo hilo. Baba yake alitia sahihi mistari ikiwa bado mitupu, hakujua. Na akachaguliwa.

Nalisema hili kwa sababu ningelificha somo langu lingekuwa tamu zaidi, lakini lisingekuwa kweli. Wapo wanaoruka bila backup wakafika upande wa pili. Saidi alikuwa na akili ya hesabu, mimi sikuwa nayo.

Tulikutana likizo ya kwanza. Yeye na shati lake jeupe, mimi na vidole vyenye plasta. Nilijiandaa kuumia. Akaniambia muhula wote amelia kuliko mimi, kwa sababu kule kila mtu alikuwa wa kwanza darasani kwao, na yeye sasa ni wa ishirini na kitu. Baadaye alizoea, akaipenda sana, na mpaka uzeeni hakuruhusu mtu aiseme vibaya mbele yake. Kwa hiyo ilikuwa shule nzuri. Kwake.

Kwangu mimi, muhula wa pili pale ufundi nilitengeneza dirisha langu la kwanza lililofunga bila kulazimishwa. Fundi mwalimu alilifungua akalifunga mara tatu, akaenda kwa mwanafunzi mwingine. Siku hiyo kwenye daftari nimeandika kurasa mbili, na nimezisoma zote leo, na hakuna mahali nimeitaja ile shule kubwa. Nadhani ndiyo siku niliyoacha kuitamani. Sina uhakika. Pengine ilikuwa siku nyingine na sikuandika.

Sasa kijana wa ule uzi, kama unasoma. Usitafute chuo kinachofanana na unachokipenda kwa mabati na kwa goli. Jiulize kwanza kile unachokipenda unakipendea nini, na kama jibu ni mtu aliyekupungia mkono kwenye lori, hapo kaa chini ufikiri upya. Backup yako iangalie kwa macho kama vile ndiyo utakayoipata, kwa sababu huenda ndiyo utakayoipata. Nenda, au mtume mtu mwenye jicho. Uliza nani anapika. Uliza waliomaliza wako wapi. Akikujibu mtu kuwa hajui lakini atauliza, hiyo ni alama nzuri.

Na usimdanganye baba yako. Wanajua.

Hayo ndiyo niliyonayo, wakuu. Wenye shangazi kama wangu waseme, na wenye kunipinga wanipinge, nitasoma zote ingawa kujibu nitachelewa. Na kama humu yuko yeyote aliyesoma ile shule kubwa miaka ile, atajitambua, namwomba aje aeleze upande wake kwa kirefu. Itakuwa haki zaidi kuliko kuniachia mimi, maana mimi niliishia getini.